Ni Nani Aliyeambiwa Asitazame Kimo?

Somo: 1 Samweli 16:1–13

Wengi mnanijua kama mzee wa idara ya vijana. Wengine mnanijua tu kama fundi wa nguo pale karibu na steji, hapa Nakuru, yule wa sare za shule. Leo naandika nikiwa wote wawili, kwa sababu jambo lenyewe lilianzia kanisani na likaja kumalizikia mlangoni pa kibanda changu cha kushona.

Kwenye kesha la vijana huwa tunapitisha kikapu. Kila mmoja anaandika ombi lake kwenye kikaratasi bila jina, kisha mimi nasoma na tunaomba pamoja. Usiku mmoja nilisoma la karo, nikasoma la mama mgonjwa, nikasoma la mtihani, halafu nikafungua kimoja kilichokunjwa mara nne. Mwenyewe alikuwa anaomba Mungu amwongezee sentimita mbili na nusu kabla jeshi halijaanza kuandikisha.

Vijana walicheka. Na mimi nilicheka, sitaficha. Kisha nikafanya kile ambacho sisi wazee hufanya tukikosa la kusema: nikachukua Neno nikalitumia kama kifuniko cha sufuria. Nikawaambia Mungu haangalii urefu wa mtu, anaangalia moyo. Wakasema Amina. Nikachukua kikaratasi kingine. Ombi la yule kijana halikuombewa hata dakika moja, na hakuna aliyegundua, kwa sababu nilikuwa nimelifunika na andiko.

Wiki mbili baadaye alikuja dukani. Amenipa ruhusa niandike habari hii mradi nisitaje jina, ingawa wengi wenu mtamjua. Ana miaka 18, amemaliza kidato cha nne, na siku hizi anafanya mjengo akingoja kitu kizuri zaidi. Alingoja wateja waondoke, akatoa mfukoni kopo la vidonge na kuliweka juu ya cherehani.

"Mzee, hii kitu inafanya kazi kweli ama nimeliwa?"

Kopo lilikuwa na picha ya mtu mrefu kando ya mtu mfupi, na ahadi ya sentimita kumi kwa miezi mitatu. Hakukuwa na jina la aliyetengeneza wala mahali. Alilinunua kwa simu, shilingi 4,500, pesa ya mjengo. Kubeba mawe siku kadhaa nzima. Na hilo si ndilo lililoniuma zaidi. Nilipomuuliza kama ameshaanza kuyameza, aliniambia amejaribu kwanza njia ya imani. Baada ya lile kesha alifunga siku saba. Anaamka, anabeba mawe juani bila kula, anakula usiku kidogo, anaomba, analala. Mvulana anayetaka mwili wake ukue anaunyima chakula ili ukue. Na alipomwambia rafiki yake mmoja kwamba hakuna kilichobadilika, rafiki akamwambia labda imani yake ina shaka ndani.

Nikaketi. Nikamwambia, "Vua viatu."

Sisi mafundi hatupimi kimo cha mtu, tunapima kiuno, bega, mkono, urefu wa suruali. Lakini nilimsimamisha kwenye mwimo wa mlango, visigino vimegusa ubao, nikaweka kitabu bapa kichwani, nikachora kwa penseli, nikavuta tepu kutoka sakafuni. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Sentimita 157 na nusu. Tangazo la Jeshi la Ulinzi limekuwa likitaja futi tano na inchi tatu, yaani sentimita 160. Kwa hivyo lile ombi lilikuwa sahihi kabisa, na mwombaji wake alikuwa amejipima vizuri kabla ya kuandika. Mimi ndiye niliyelichukua kama mzaha.

Nikamwambia arudi kesho asubuhi kabla ya kazi. Akaja saa kumi na mbili na nusu, nikampima mahali palepale. Sentimita 158 na nusu. Alinikodolea macho kama mtu aliyeona muujiza, ikabidi nimweleze haraka kabla hajaanza kushuhudia. Kati ya vipingili vya uti wa mgongo kuna vipande laini kama mito midogo. Mchana kutwa uzito wa mwili unavikandamiza, na usiku ukilala vinajaa tena. Kila mtu, mrefu kwa mfupi, huamka akiwa na karibu sentimita moja zaidi ya aliyolala nayo, wengine zaidi kidogo, na nyingi ya hiyo huipoteza saa za kwanza za asubuhi. Si kukua huko. Ni kama nguo iliyopigwa pasi.

"Kwa hivyo bado moja na nusu," akasema. Hesabu anaijua.

Tuna dada hapa kanisani ambaye ni muuguzi, nikamuuliza. Akaniambia, "Mzee, acha kubahatisha, mpeleke apigwe picha ya mkono." Sikuelewa mkono unahusu nini na kimo, lakini tulienda, na daktari wa huko alikuwa na subira nasi kuliko nilivyotarajia. Nitaeleza alivyotueleza, kwa sababu naona kuna wazazi na vijana wengi hapa wanaohangaika na jambo hili na hakuna aliyewaketisha.

Mifupa mirefu ya mtoto haikui katikati. Inakulia karibu na ncha, mahali penye ukanda mwembamba wa gegedu, kile kitu laini kama cha sikio. Gegedu hiyo inaongezeka, kisha inageuka kuwa mfupa, na mfupa unarefuka. Wakati wa kubalehe homoni zinaisukuma kwa kasi, na homoni hizohizo ndizo zinazokuja kuifunga. Ikishageuka yote kuwa mfupa, pale ndipo mwisho. Kwa wasichana wengi hufungika mapema, miaka kama miwili hivi baada ya kuanza hedhi. Kwa wavulana wengi ni kati ya miaka 16 na 18, na wachache wanaendelea kidogo zaidi, hasa wale ambao sauti na ndevu zilichelewa. Ndiyo maana kuna mvulana wa miaka 15 anayechekwa darasani leo na kufikia 18 amewapita wote, na hakumeza chochote, ni saa yake tu ilichelewa kulia. Mkono wa kushoto una mifupa mingi midogo pamoja, kwa hivyo eksirei moja inaonyesha kama ukanda ule bado uko wazi.

Kisha akasema bila kuzunguka: hakuna kidonge, hakuna maziwa, hakuna kuruka kamba wala kuning'inia kwenye mti kunakofungua gegedu iliyokwisha kufunga. Sindano za homoni zipo kweli, ila ni za watoto wenye ugonjwa uliopimwa ukajulikana, na hupewa kabla mifupa haijafunga.

Akaiweka picha kwenye mwanga. Hata mimi niliona. Mifupa ya vidole ilikuwa imeunganika, na kwenye kifundo palibaki kamstari hafifu kama mshono uliofumuliwa na kupigwa pasi. Daktari akasema labda nusu sentimita, labda hakuna. Kijana akauliza kama angekuja miaka mitatu mapema ingekuwaje. Daktari akasema huenda isingebadilisha chochote, kwa sababu hakuona ugonjwa. Akatupigia hesabu ambayo wao hutumia: chukua kimo cha baba na cha mama, kwa mvulana ongeza 13, gawanya kwa mbili. Baba yake ni 164, mama 152. Inatoka 164 na nusu, ila hiyo ni katikati tu, watoto huangukia hata karibu sentimita kumi juu ama chini ya hapo. Kwa hivyo 158 ni mtoto halali wa wazazi wake.

Tulirudi kwa matatu bila kuongea. Niliogopa kwamba nimemvunja. Alipokuwa anashuka akasema, "Afadhali nijue." Kisha akasema, "Si ungeniambia hivi siku ile."

Wapendwa, nimekaa na hiyo sentensi ya mwisho siku nyingi.

Mama yake aliposikia alikuja kunishukuru, na katika kuongea akanieleza kitu ambacho mtoto mwenyewe hakijui vizuri. Kijana huyu alizaliwa Februari 2008. Mnakumbuka Februari 2008 ilikuwaje hapa. Alizaliwa mama yake akiwa kwenye hema, pale uwanja wa maonyesho, pamoja na maelfu waliofukuzwa makwao baada ya uchaguzi. Maziwa ya mama yalipungua. Mwaka uliofuata ukaja ukame. Alipoanza kutembea, chakula kilikuwa uji, na siku nyingine ulikuwa mwepesi mpaka unaona sufuria chini.

Wataalamu wa lishe husisitiza siku 1,000 za kwanza, tangu mimba mpaka miaka miwili, kwamba kimo kilichokosekana hapo ni vigumu sana kukirudisha baadaye. Utafiti wa afya wa taifa wa 2008–09 ulionyesha watoto 35 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kudumaa. Wa 2014 ukaonyesha 26, wa 2022 ukaonyesha 18. Tunashukuru, ila 18 bado ni watoto. Na mkitaka kujua kimo kinavyofuata sahani, wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa 1996 ni warefu kwa kama sentimita 20 kuliko wale waliozaliwa miaka 100 kabla yao. Damu ni ileile. Kilichobadilika ni chakula, maji safi na magonjwa ya utotoni.

Siwezi kusema sentimita zake mbili na nusu zilibaki kwenye lile hema. Nilimuuliza daktari, naye akakataa kusema, kwa mtoto mmoja huwezi kujua. Baba yake mwenyewe si mrefu. Lakini mimi niliposimama pale mbele na kumwambia Mungu anaangalia moyo, nilikuwa naongea kana kwamba ufupi wake ni jambo la moyo wake, udhaifu fulani wa kujikubali. Sikujua chochote kuhusu uji.

Nikarudi kwenye somo. Nimelihubiri mara nyingi, nikadhani nalijua. Safari hii nilisoma polepole kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, na nikaona kitu ambacho naona haya kwamba sikukiona miaka yote.

Lile neno la kutotazama kimo hakuambiwa Daudi. Daudi hayupo hata. Yuko malishoni na kondoo, hajaitwa. Na hakuambiwa mtu mfupi yeyote ili ajifariji nalo. Aliambiwa Samweli, mzee mwenye pembe ya mafuta mkononi, aliyekuja kuchagua. Alimwona Eliabu, akaona umbo na urefu, akasema moyoni huyu ndiye. Mungu akamkemea yeye, mpimaji. Hakuna mahali pale Mungu anapomgeukia aliyepimwa kumwambia usijali.

Na Samweli alikuwa na historia. Rudini sura ya tisa na ya kumi. Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote kuanzia mabega kwenda juu, na Samweli ndiye aliyemsimamisha mbele ya umati akawaambia waangalie, hakuna kama huyu. Mtu aliyekwisha kukosea mara moja kwa tepu anarudi nyumbani kwa Yese na tepu ileile. Mimi namwelewa. Macho yana mazoea.

(Kwa pembeni: tunapenda kumfanya Daudi kafupi mbele ya Goliathi. Someni tena. Biblia haisemi alikuwa mfupi. Inasema alikuwa mdogo wao, na kwamba alikuwa mzuri wa kutazama. Zile silaha za Sauli alizivua kwa sababu hakuzizoea. Ufupi tumeuongeza sisi, kwa sababu tunapenda hadithi ya mfupi kumpiga mrefu, halafu tukishuka madhabahuni tunawacheka wafupi.)

Nikaona basi kwamba siku ile ya kesha nililigeuza neno likaangalia nyuma. Lilikuwa limeelekezwa kwangu mwenye kikapu, na kwa vijana waliocheka, nikalichukua nikamtupia yule mmoja ambaye halikumhusu. Ni kama mtu amekanyagwa mguu halafu unamhubiria subira, na aliyemkanyaga bado amesimama palepale juu ya vidole.

Hata Zakayo. Nilikua nikisikia wafupi wakiitwa Zakayo humu kanisani, kabla jina hilo halijahamia kwenye mambo ya kodi. Luka anataja sababu mbili za yeye kutoona: umati, na kimo chake. Tunashika moja tu. Umati ungeweza kusogea. Hakuna aliyesema huyu apite mbele, hataniziba. Ikabidi mtu mzima tajiri apande mkuyu kama mtoto. Na Yesu alipofika chini ya mti hakusema neno lolote juu ya urefu, alisema ashuke, ana kazi ya kumkaribisha nyumbani. Alishuka akiwa na kimo kilekile.

Nilipomweleza mzee mwenzangu mambo haya, alinipinga, na ni haki niandike alichosema. Alisema, ndugu, unataka jeshi lisipime? Huko kuna mzigo wa kubeba, kuna ukuta wa kuruka, na kila kazi ina kigezo chake. Mlinda lango tunamtaka mrefu na hatumdharau mfupi kwa kusema hivyo. Kweli. Nimefikiri na nakubali kwamba si kila kipimo ni dharau. Mahali mstari umechorwa lazima mtu fulani abaki upande wa pili akiwa amekosa kidogo tu, na sijui njia ya kuchora mstari usio na mtu kama huyo. Lakini nilimuuliza naye: mlango wetu wa kanisa una ukuta gani wa kuruka? Akanyamaza, kwa sababu alijua nakoelekea.

Mwaka juzi nilishona sare za wahudumu wa mlangoni. Niliambiwa nishonee wale warefu, ili waonekane wazuri kwenye lango wageni wakija. Nikapima, nikashona, nikalipwa. Kulikuwa na wawili waliokuwa wakihudumu miaka, wenye moyo kuliko wote, wakaambiwa wasaidie kupanga viti. Sikusema chochote. Nilikuwa nimeshika tepu na Samweli alikuwa amesimama kando yangu, na hakuna kati yetu aliyesikia.

Wiki ileile ya kijana, binti mmoja alikuja na sketi. Ana miaka 17, nimemshushia pindo mara tatu tangu aingie shule ya upili, na mama yake hulalamika kitambaa kana kwamba mtoto anakua kwa ukaidi. Anaitwa Mlingoti shuleni, na nasikitika kusema hata katika kwaya. Anatembea amekunja mabega. Nilipokuwa nampima aliniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, hii itaisha lini?" Nilikuwa nimetoka kwa daktari juzi tu, nikampa aliyoniambia: kwa msichana aliyeanza hedhi miaka minne iliyopita, karibu hakika imekwisha. Alivuta pumzi ndefu, na mabega yakashuka mahali pake. Nikajikuta nacheka peke yangu baadaye, kwamba kanisa moja linapeleka mbinguni ombi la kuongezewa na ombi la kuzuiwa, na wote wawili wanamwomba Mungu awafiche wasionekane na watu walewale. Watu wenyewe ni sisi.

Je, ni dhambi kuombea urefu? Vijana wameniuliza tangu habari hii ianze kujulikana, na wengine wamenitajia yale ya Mlimani, kwamba hakuna anayeweza kwa wasiwasi kuongeza mkono mmoja. Mimi kama fundi niliuangalia huo mkono. Ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kama sentimita 45. Nani anataka 45? Tena neno la Kigiriki lililotumika pale linaweza kumaanisha kimo au umri, na wengine hulitafsiri kama kuongeza siku za maisha. Vyovyote iwavyo, linaongea juu ya kujisumbua. Halisemi kutamani ni uchafu. Kijana wetu hakutamani urefu ili ajivune, alitamani mshahara, mama yake atoke kwenye nyumba ya mabati. Mimi sioni dhambi hapo. Naona ombi.

Na je, Mungu hawezi? Sisi ni watu wa miujiza, sitaandika kwenye karatasi ya kanisa hili kwamba kuna jambo linalomshinda. Lakini nitasema hili bila kuogopa: yeyote anayemwambia kijana kwamba hakurefuka kwa sababu imani yake ni haba anaongeza mzigo ambao Mungu hakuuweka. Mifupa yake ilifunga kwa sheria ileile iliyofunga ya mchungaji, ya mwinjilisti, na yangu. Hata Bwana wetu, Luka anasema alikua katika hekima na kimo, maana yake kulikuwa na siku moja mifupa yake nayo ikafika mwisho, na hakuna anayejua ilikuwa sentimita ngapi.

Vidonge tulivitupa chooni. Pesa haikurudi, namba ya muuzaji haipatikani.

Siku ya kuandikisha ilipofika alienda. Nilimwambia uwezekano ni mdogo, akasema anataka kukataliwa na kipimo, asikataliwe na uvivu wake mwenyewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo alinipigia simu. "Mzee, nikilala kwenye kiti cha nyuma cha matatu mpaka nifike, nisisimame kabisa, hiyo ni uongo?" Nilifikiri. Nikamwambia soksi zenye kitu ndani zingekuwa uongo, na huko atavuliwa viatu na soksi zote. Hizi alizolala nazo ni zake, Mungu humpa kila asubuhi kama anavyompa mrefu. Akalale. Akalala.

Alirudi kabla ya saa saba. Walimpima, wakamwambia asimame kando. Hakulia, au kama alilia alimaliza njiani. Aliketi kwenye benchi ya wateja akaangalia ile alama ya penseli kwenye mwimo wa mlango, akaniuliza kama ninaweza kuifuta. Nikampa kitambaa chenye maji akaifuta mwenyewe.

Kisha akatoa suruali kwenye mfuko. Ameanza kazi kwa fundi wa umeme wiki ijayo na anataka nguo ya kwenda nayo. Ilikuwa ndefu kwake. Mimi miaka 26 nashona nguo za watoto na vijana, na sijawahi kukata bila kuacha pindo la kukulia, inchi mbili, tatu, mkono wangu unaikunja kabla sijafikiri. Hana, mama yake Samweli, alikuwa akimpelekea mwanawe kanzu ndogo kila mwaka, na nimejiuliza sana alijuaje kipimo cha mtoto anayemwona mara moja kwa mwaka. Nadhani aliacha pindo. Nikashika mkasi, nikamuuliza kama niache.

"Kata, Mzee," akasema. "Nifanyie ya saizi yangu."

Nikakata.

Kijana anasema niongeze kwamba vijana wa idara wamemwomba msamaha, na kwamba nimwombe mbele yenu pia. Nakuomba msamaha. Na tangazo moja, ambalo kamati imelipitisha Jumanne: sare za wahudumu wa mlangoni zinapimwa upya Jumapili hii, nyuma ya kanisa, mara tu baada ya ibada ya pili. Waje wote wanaohudumu na wote wanaotaka kuhudumu, pamoja na wale wawili wa viti. Kitambaa kipo cha kutosha.